Jengo liko barabarani, picha yake ni ya nani?

Ukipiga picha ya piramidi ya kioo ya jumba la makumbusho la Louvre, Paris, ukaichapa kwenye kalenda ya kuuza, unahitaji kibali cha wenye haki za msanifu wake, I. M. Pei. Pei alifariki Mei 2019. Ufaransa huhesabu miaka 70 ya hakimiliki kuanzia tarehe 1 Januari ya mwaka unaofuata kifo, kwa hiyo piramidi hiyo itakuwa huru mwaka 2090. Kasri la mawe linaloizunguka halidaiwi hakimiliki na yeyote, maana waliolijenga walikwisha kufa zaidi ya karne moja iliyopita. Vyote viwili vimo ndani ya fremu moja.

Naona sheria ya Ufaransa imeuweka mpaka pasipostahili. Inamuuliza mpigapicha anapata nini, ilhali ilipaswa kumuuliza amesimama wapi.

Majengo yaliingizwa kwenye Mkataba wa Berne, unaolinda kazi za sanaa na maandishi kimataifa, ulipofanyiwa marekebisho mjini Berlin mwaka 1908. Hilo halina ubaya. Msanifu anastahili ulinzi dhidi ya mtu anayenakili ramani yake na kuinua jengo pacha mtaa wa pili. Lakini picha haimpokonyi msanifu kazi, na ndiyo maana nchi nyingi ziliweka msamaha unaoitwa uhuru wa panorama, yaani ruhusa ya kupiga na kutumia picha za kazi zilizosimama daima mahali pa wazi.

Ujerumani imeuandika msamaha huo katika kifungu cha 59 cha sheria yake ya hakimiliki. Kadi za posta, mabango, vitabu vya kuuza, vyote ruksa. Masharti yake yanahusu mahali: kazi iwe imewekwa hapo kwa kudumu, ionekane kutoka barabara au uwanja wa umma, na kwa jengo ni sura ya nje tu. Ukiingia ndani kupiga ngazi au ukumbi, umetoka nje ya msamaha. Mwaka 2003 mahakama ya juu ya shirikisho iliamua kesi ya Hundertwasserhaus, jengo la ghorofa la Vienna lenye rangi nyingi. Picha yake ilipigwa kutoka fleti ya jengo la mkabala, ikauzwa Ujerumani kama bango. Mahakama ilisema dirisha la fleti si barabara, hivyo kinga haipo. Kesi hiyo ina funzo jingine ambalo wapigapicha wengi hawalijui: sheria ya Austria ni pana zaidi kwa picha kama hiyo, lakini haikusaidia kitu. Kinachoangaliwa ni nchi ambako picha inatumika, hata kama ilipigwa kwingine. Oktoba 2024 mahakama hiyo hiyo ikaongeza kwamba picha za droni nazo haziingii, kwa kuwa mtembea kwa miguu hafiki angani. Unaweza kuiona kali. Mimi naiona kali pia, ila angalau unajua jibu kabla hujabonyeza kitufe.

Ufaransa ilisubiri hadi Oktoba 2016, na ilipofungua mlango iliufungua nusu. Msamaha wake unahusu majengo na sanamu zilizopo daima kwenye njia za umma, picha ziwe zimetolewa na mtu binafsi, na pasiwe na matumizi yoyote ya kibiashara. Ukisoma haraka utadhani ni ukarimu. Sasa ijaribu. Chama cha wapenda historia ya mji si mtu binafsi, basi hakimo, hata kama hakiingizi senti. Blogu ya mtu mmoja yenye matangazo yanayolipia seva, je, ni biashara? Mpigapicha wa harusi anayemweka bibi harusi mbele ya jengo jipya analipwa, kwa hiyo hawezi kuutegemea msamaha huu. Na Wikimedia Commons, hazina ya picha mtandaoni ambayo hupokea tu picha zinazoruhusiwa kutumika hata kibiashara, huziondoa picha za majengo mapya ya Ufaransa. Mwaka 2015 lilitolewa pendekezo la kuueneza mtindo huu wa “pasiwe biashara” Ulaya nzima. Bunge la Ulaya lililikataa Julai mwaka huo, na lilifanya vyema.

Kinachowaokoa Wafaransa kwa kiasi ni mahakama. Mwaka 1990 kadi za posta za La Géode, tufe linalong'aa la Paris, zilihesabiwa kuwa ukiukaji kwa sababu tufe ndilo lilikuwa mada ya picha. Mwaka 2005, kwenye kesi ya uwanja wa Terreaux mjini Lyon, wasanii waliousanifu upya walishindwa, kwa kuwa kazi yao ilimezwa na mandhari ya uwanja mzima. Kwa vitendo: piga kwa upana, jengo lenye ulinzi lisijae fremu, na usiipe bidhaa jina la jengo hilo.

Kabla ya kuuza, tafuta jina la msanifu na mwaka aliofariki. Wakiwa wawili walioshirikiana, hesabu kutoka kifo cha aliyebaki mwisho. Kisha angalia vilivyo karibu na jengo, maana mtego huwa hapo. Mnara wa Eiffel mchana ni huru, lakini taa zake za usiku zinadaiwa kuwa kazi ya sanaa inayojitegemea, na matumizi ya kibiashara huombewa kibali. Marekani inaruhusu picha za majengo yanayoonekana kutoka mahali pa umma, ila sanamu hazimo kwenye ruhusa hiyo. Uingereza inaruhusu majengo na sanamu, lakini mchoro wa ukutani hauna kinga hiyo.

Usichanganye pia msanifu na mwenye nyumba. Mahakama ya juu ya Ufaransa iliamua mwaka 2004 kwamba mmiliki hana haki ya pekee juu ya picha ya mali yake, isipokuwa picha imemletea usumbufu usio wa kawaida. Vivyo hivyo, askari anayekufukuza na kamera nje ya benki Nairobi au Kampala kwa kawaida analinda usalama, wala hajui msanifu ni nani. Kwa hakimiliki, sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inataja waziwazi picha za majengo yaliyopo daima mahali pa umma na kuziruhusu, bila kumuuliza mpigapicha kama ni mtu binafsi au chama.