Makasha ya seva za bledi yafungwe huku Kaskazini, na yasijazwe

Desemba ikifika katikati, Dar hupungua watu na Kilimanjaro hufurika. Marangu, Machame, Kibosho na Rombo magari hayapishani, na kila aliyerudi nyumbani anapiga video, anatuma hela, anapakia picha za familia. Januari ikianza, wengi wameshaondoka. Mtandao ukilemewa siku zile, jibu tunalopewa ni kwamba mnara utaongezwa. Mnara unatakiwa, sikatai. Lakini mnara hupokea na kurusha mawimbi tu; kazi ya kuitambua laini yako, kuhesabu bando na kuelekeza data hufanywa na seva, yaani kompyuta za kampuni ya simu, na seva hizo hazizungumzwi.

Msimamo wangu ni huu: kampuni za simu zinazohudumia Arusha na Moshi ziache kununua mashine yenye kazi moja maisha yake yote. Zinunue makasha ya seva za bledi, na ziyafunge huku huku.

Bledi ni seva nyembamba, ubao wenye prosesa na memori, bila feni wala pawa saplai yake. Hivyo viko kwenye kasha na bledi zote huvitumia kwa pamoja. Kwenye makasha ya kiwango cha ATCA, kilichopitishwa mwishoni mwa 2002 mahsusi kwa kazi za simu, kasha moja la kufungwa kwenye raki (fremu ya mitambo) ya inchi 19 hubeba hadi bledi 14. Moja ikiharibika, fundi hufungua kishikizo, husubiri taa ya buluu iache kupepesa na itulie, hulegeza skrubu, kisha huichomoa. Zile nyingine zinaendelea na kazi, na mteja wa Majengo anayemtumia mama yake hela hajui kilichotokea.

Kubwa zaidi ni kubadilisha kazi. Oktoba 2012 kampuni za simu zikiwemo AT&T, BT, Orange na Verizon zilitoa waraka wa pamoja zikitaka kazi za mtandao ziwe programu zinazoendeshwa kwenye seva za kawaida, badala ya kila kazi kuwa na boksi lake. Ndicho tunachohitaji. Bledi ileile ihudumie data ya sikukuu Desemba, na Februari ipangiwe kazi nyingine kwa programu, bila mtu kupanda basi kutoka Dar.

Kuna mambo mawili ya huku ambayo mnunuzi aliyekaa mbali huyasahau. La kwanza ni umeme. Mitambo ya simu hutumia volti 48 za DC (umeme wa aina ya betri), moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ukileta kasha la AC (umeme wa ukutani) lililotengenezewa ofisi, unalazimika kuweka inveta ya kugeuza DC kuwa AC katikati, na hicho ni kifaa kingine cha kufa umeme ukikatika. La pili ni mwinuko. Baridi ya Arusha inadanganya. Tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na haibebi joto vizuri. Watengenezaji wengi hushusha joto linaloruhusiwa kwa takribani nyuzi 1 kwa kila mita 300 ukishapita mita 900 hivi. Chumba cha seva cha Arusha kinahitaji kupozwa kwa umakini uleule wa Dar.

Wapo wanaosema kasha moja ni hatari, likifa limekufa na vyote. Wana haki, na ndiyo maana kazi moja igawanywe kwenye makasha mawili, moja Arusha na jingine Moshi. Gharama inapanda, ndiyo, ila kuzima kwa mji mzima siku ya mkesha wa Krismasi ni ghali zaidi. Na kasha lifungwe likiwa na nafasi tupu. Lililojaa siku ya kwanza halina tena unyumbufu wowote.

Mwisho, mafundi. Kampuni zinapotoa makasha ya zamani kazini, yasiuzwe kama vyuma chakavu. Zipeleke hata moja Chuo cha Ufundi Arusha, pamoja na bledi zake na pawa saplai ya DC, vijana wafundishwe kuchomoa na kurudisha kabla hawajakabidhiwa lililo hai.