Le Havre, mji niliousema vibaya

Kwa miaka sita kila aliyeniambia anakwenda Ufaransa nilimpa onyo lile lile: nenda kokote, Le Havre achana nako. Nilikuwa nimelala huko usiku mmoja tu. Ilikuwa Novemba, Jumatatu, manyunyu hayakatiki. Nilitoka stesheni nikitafuta nyumba za kale za mbao kama za kwenye kalenda, nikakuta zege. Barabara zimenyooka, magorofa yamefanana, upepo unageuza mwavuli ndani nje. Nikakimbilia jumba la sanaa, mlango umefungwa. Kumbe Jumatatu hawafungui. Chumba nilicholipia kilinuka unyevu. Asubuhi nikapanda treni ya Paris, nimenuna.

Juni hii mke wangu ndiye aliyechagua likizo. Nilipoanza kulalamika akanikata: "Baba Rehema, mtu akifika Tanga siku ya mvua akaondoka kesho yake, utamwambia ameiona Tanga?" Nikafunga begi.

Safari hii nilisoma kabla ya kwenda, na aibu ikanishika mapema. Septemba 5 na 6, 1944, ndege za Uingereza ziliupiga mabomu mji huo, Wajerumani wakiwa bado ndani yake. Katikati ya mji pakabaki vifusi. Raia wapatao 2,000 walikufa, na watu kama 80,000 wakakosa pa kulala. Mimi nikafika na kamera yangu kudai nyumba za mbao! Kazi ya kuujenga upya alipewa Auguste Perret, msanifu aliyekwisha vuka miaka sabini, ambaye zege aliliheshimu kama wengine wanavyoheshimu marumaru. Mwaka 2005 UNESCO ikaliingiza eneo hilo kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Sogea uiguse nguzo mojawapo. Uso wake umegongwagongwa mpaka kokoto zikajitokeza, na rangi si ile ya kijivu niliyoikumbuka: hii ina wekundu wa mbali, ile ya pili inaelekea manjano. Kwenye mvua ya Novemba zote zilikuwa moja.

Kanisa la Saint-Joseph ukiliona kwa mbali utadhani mnara wa kuongozea meli, mita 107. Ingia. Hakuna dari, ukiinua kichwa macho yanapanda ndani ya mnara hadi yanachoka. Kuta zimetobolewa zikajazwa vioo 12,768 vya rangi, kazi ya Marguerite Huré. Tulifika alasiri, jua la magharibi likipenya, na sakafu ya zege ikawa na madoa ya chungwa na dhahabu. Binti yetu alinyoosha kiganja, doa likamkaa mkononi. Hakutaka kuondoka.

Kuna pia nyumba moja ya gorofani iliyopangwa vile vile kama miaka ile ya ujenzi, unaingia na mwongozaji. Jiko lina makabati ukutani, bafu liko ndani, hewa ya moto inapulizwa vyumbani. Wapo waliohamia nyumba kama hizo wakitoka kuishi miaka kwenye mabanda. Mke wangu alisimama jikoni humo muda mrefu kuliko alivyosimama mbele ya picha yoyote ya mchoraji Claude Monet.

Naam, Monet. Mapambazuko ya bandari aliyoyachora mwaka 1872, picha iliyozaa jina la mtindo mzima wa uchoraji, impressionism, yalikuwa ya hapa, ingawa picha yenyewe iko Paris.

Wengi huvuka daraja la Normandie wakaenda Honfleur, ambako nyumba za kalenda zipo kweli. Ni kuzuri, sibishi, ila wikiendi mnapishana kama Kariakoo mkesha wa Idi.

Malalamiko bado ninayo. Upepo ni ule ule, na ufukwe ni wa mawe. Bila ndara utatembea kama kuku aliyefungwa miguu.

Jumatatu jumba la sanaa likafungwa kama kawaida yake. Tukashuka ufukweni, tukaagiza kome na chipsi. Meli ya makontena ikapita taratibu, karibu kiasi cha kuhesabu safu, na Rehema akaipungia. Mke wangu akauliza treni yetu ni ya saa ngapi. Nikamwambia ipo nyingine jioni.