Kéré wa Gando: darasa zuri ni sawa, lakini mwalimu je?

Huku Lubumbashi ukisema arkitekte watu wanawaza tu villa za mtaa wa Golf, mtu wa kuchorea matajiri nyumba. Ndio maana Francis Kéré wa Burkina Faso ananigusa sana, ila sitaki tumsifu mbio mbio bila kupima mambo.

Alizaliwa Gando mwaka 1965, kijiji chao hakikuwa na shule, akiwa na miaka 7 hivi wakamtuma Tenkodogo akasome. 1985 akapata bourse, yani msaada wa masomo, ya useremala Ujerumani, halafu akasomea ujenzi Berlin, na 1998 akiwa bado mwanafunzi akaanzisha shirika la kuchanga pesa ya kujenga shule kwao. Shule ikaisha 2001, kabla hata hajapata diploma yake. 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya maarkitekte duniani.

Sasa angalia jengo lenyewe. Matofali ni udongo wa palepale, unachanganywa na simenti kidogo, unagandamizwa kwa mashine ya mkono, hauchomwi. Bati limeinuliwa juu ya dari, hewa inapita katikati na joto linatoka, yani hakuna klima ya kupoza hewa, hakuna umeme. Si tunajua sisi darasa la bati mwezi wa kumi linavyokuwa, watoto wanasinzia saa nne asubuhi, na mvua ikipiga mwalimu ananyamaza juu hakuna anayemsikia. Na matofali yetu tunayachoma kwa kuni, misitu ya miombo inaisha huku tukiangalia, kwa hiyo mimi hiyo mashine ya mkono naiona kubwa kuliko tuzo zote alizopata.

Lakini kuna wanaopinga na hawasemi ujinga. Wanasema jengo si elimu. Tangu 2019 serikali yetu ya Congo ilipotangaza shule ya msingi ni bure watoto wakajaa madarasani, na kilio kikubwa kikabaki mshahara wa mwalimu, sasa mfadhili anayekuja na ukuta mzuri anapigwa picha, anaenda, na serikali inapumua juu mtu mwingine amefanya kazi yake. Hapo nakubali karibu yote. Ila Kéré alijenga pia nyumba za walimu Gando, alijua mwalimu hakai kijijini kama hana pa kulala, hiyo peke yake inamtofautisha na wafadhili wengi. Kwa afya mambo ni magumu zaidi: kliniki ya upasuaji aliyochora kule Léo, ya 2014, inataka daktari, dawa na maji kila siku, na hivyo vyote havitoki kwenye mchoro wa arkitekte hata awe fundi namna gani.

Kitu kinachonisumbua zaidi ni kazi ya wanakijiji. Watoto walibeba mawe ya msingi, wanawake wakachota maji. Mtu aliyekua na salongo za wakati wa Mobutu, ile kazi ya lazima bila malipo, akisikia hivyo anashtuka, na ana haki, juu tulishalimishwa bure kwa jina la taifa. Tofauti ninayoiona ni kwamba Gando shule ilibaki ya watoto wao, na vijana waliojifunza ufundi pale wengine wakapata kazi ya kulipwa kwenye chantier nyingine za ujenzi. Mwanzoni hata hawakumwamini, udongo waliujua kama kitu cha kuanguka na mvua, ikabidi awaonyeshe kwa vitendo. Mtu wa nje angeachiwa muda huo? Sidhani, na hapo ndipo mfano wake unapofika mwisho, juu vijiji vingi havina mtoto wao aliyefika Berlin.

Kwa hiyo mfadhili akija kwenye komini zetu za hapa Lubumbashi, Katuba au Kenya, na plani nzuri ya shule, mimi ningemuuliza mambo mawili kabla ya kukata utepe: mashine ya tofali inabaki kwa nani, na mwalimu atalipwa na nani mwaka wa tatu.