Uzi wa Sentimita 75

Nianze kwa kurekebisha taarifa: sikumwangukia Madam, mhadhiri wetu. Nilianguka karibu naye. Kati ya kichwa changu na kiatu chake kulikuwa na kama nusu mita, na najua mnacheka mkiniona mimi nataja vipimo, lakini hiyo nusu mita ndiyo iliyoniacha chuoni mpaka leo.

Nayasema haya kwa sababu kuna jamaa yangu, tunalala chumba kimoja na sukari yangu ndiyo anayokunywa, ameshairusha hii habari kwenye magrupu manne tangu Jumanne mchana. Kwenye toleo lake nimelia, nimepiga magoti, na pazia la projekta limenifunika gubigubi kama maiti. Pazia halikunifunika. Lilishuka tu. Basi isikieni kwa mwenyewe, halafu mcheke mkiwa na taarifa kamili.

Kozi mnaijua. Ukiwa ualimu wa sayansi mwaka wa kwanza huikwepi: fizikia kidogo, kemia kidogo, na Madam kwa wingi. Wiki ya kwanza alitumia saa nzima kutusomea kozi autilaini. Kurasa nne, mstari kwa mstari, kama hakimu anasoma mashtaka. Mahudhurio asilimia 75, chini ya hapo UE, mtihani wa mwisho wa muhula, utaisikia kwa wenzako. Mlango unafungwa dakika 10 baada ya kipindi kuanza. Simu ikilia, unatoka nayo. Maabara ni viatu vya kufunika, kandambili marufuku. Data zinaandikwa kwa peni, siyo penseli, na fundi wa maabara azisaini kabla hujatoka. Ripoti ikichelewa inakatwa asilimia 10 kila siku. Atakayepika data: sifuri, na barua kwa mkuu wa kitivo.

Mimi saa hiyo nilikuwa nyuma kabisa nahesabu mapangaboi. Yako 8, mawili hayazunguki. Hiyo ndiyo data pekee ya kweli niliyokusanya muhula huu.

Praktiko ya kwanza ilikuwa pendulamu. Kwa msiosoma sayansi: unafunga kipira cha chuma kwenye uzi, unakining'iniza kwenye stendi, unakisogeza pembeni kidogo na kukiachia. Unahesabu kinaenda na kurudi mara 20 huku stopwochi inakimbia. Unabadilisha urefu wa uzi, unarudia. Mwisho unachora grafu, na mteremko wa grafu unakupa g, yaani dunia inavyomwongezea mwendo kila anayeanguka. Kila anayeanguka. Hilo tutalirudia.

Ni kazi ya saa tatu. Mwenzangu wa meza alikuwa na malaria, nikawa peke yangu. Nimepata vipimo viwili tu, simu ikatetemeka mfukoni: bumu, hela yetu ya mkopo, limetoka, foleni ya kusaini imefika getini.

Wadau mliosoma kwa mkopo, nawaachia nyie mnihukumu. Nilikuwa wiki ya pili nakula wali maharage wa kukopa, na mama ntilie alishaanza kuniita kwa majina yangu yote matatu. Nikampelekea fundi karatasi yangu yenye mistari miwili, ya penseli, na chini yake uwanja mtupu unaoweza kuchezewa mpira. Fundi alikuwa na haraka, kundi lingine linagonga mlango. Akasaini. Nikaondoka mbio.

Usiku nikakaa kimbwetani na desa, yaani notisi za zamani, la kaka mmoja wa mwaka wa tatu. Nikajaribu kwanza vile vipimo vyangu viwili, vikaniletea 9.4. Nikaviangalia kwa huruma, nikavifuta. Kwenye desa urefu wa nyuzi ulikuwa sentimita 20, 40, 60, 80 na 100, na mimi nikaona hata mpangilio unapendeza. Nikachukua 9.81 ya kitabuni, nikaigeuza fomula, nikaanza kutoka kwenye jibu kurudi kwenye swali. Uzi wa sentimita 100, mizunguko 20, sekunde 40.12. Wa 80, sekunde 35.89. Kalkuleta inatema, mimi naandika. Grafu ilipokamilika, nukta zote tano zilikuwa zimelala kwenye mstari kama askari wa gwaride. Nilikwenda kulala najiona mwanasayansi.

Sasa Jumanne.

Nilichelewa kuamka, nikakimbia kutoka hosteli na kandambili ili niuwahi mlango. Kwenye lekcha kandambili hazikatazwi, zinakatazwa maabara tu (autilaini ukurasa wa tatu, siku hizi naisoma kama msahafu). Ukumbi umejaa, watu kama 200. Madam ameweka stendi juu ya meza, na uzi, na kipira, na pembeni yake rundo la ripoti zetu. Ripoti moja iko peke yake.

"Kuna kijana kanishangaza," akasema. Madam huwa hapandishi sauti. Anaongea kama mtu anayembembeleza mtoto alale. "Darasa zima mmenipa 9.3, 9.9, 10.2, mmoja kanipa 14. Huyu peke yake kanipa 9.81. Kamili."

Akataja jina langu.

Wadau, nilisimama. Siyo tu kusimama, nilivuta kola. Ukumbi ule una ngazi, unashuka kuelekea mbele, na mimi nilizishuka kama bwana harusi, kandambili zinapiga pa, pa, pa. Nilipofika safu ya tatu nikamtupia jicho yule dada (anajijua), akatabasamu. Nakumbuka niliwaza kabisa: leo ndiyo leo.

"Hongera," Madam akasema. "London ulikwenda lini, baba?"

Nikacheka. Nikadhani ni utani wa kitaaluma.

"Maana 9.81 ni ya London. Dunia siyo mpira wa kuchongwa, imevimba kiunoni, na sisi tunakaa kwenye kiuno. Halafu inatuzungusha kwa kasi kuliko wao, inatupunguzia uzito kidogo. Hapa Dar ni 9.78. Lakini kwa uzi na stopwochi huwezi kuona tofauti hiyo, kwa hiyo sikulaumu." Akafungua ripoti. "Mimi shida yangu ni ndogo tu. Hebu nipimie hapa sentimita 100, ulivyopima siku ile."

Akanipa uzi na rula ya mita.

Nikashika ncha moja kwenye sifuri. Nikavuta uzi kwenye rula taratibu, kwa maringo, darasa linatazama. Ukapita 40. Ukapita 60. Ukafika 75, ukaisha.

Nikadhani nimekosea kushika. Nikarudia. 75. Nikageuza rula upande wa pili, msiniulize kwa nini. 75. Nikauvuta kwa nguvu mpaka vidole vikawa vyeupe. 75 na kanyoya.

"Uzi wa maabara ulikuwa umebaki kidogo," Madam akasema kwa ile sauti ya kubembeleza. "Tukawakatia kila meza sentimita 75. Ndiyo maana karatasi ya maelekezo ya mwaka huu inasema muanzie 30, muishie 70. Wewe 100 umeipataje, baba?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili angeomba msamaha. Mimi nilifungua mdomo, na mdomo, bila kushauriana na mimi, ukasema:

"Madam, uzi wangu mimi ulikuwa unavutika."

Sekunde ya kwanza ukumbi ulikuwa kimya. Nilisikia pangaboi, yale sita mazima. Sekunde ya pili mtu mmoja huko nyuma (namjua, analala kitanda cha juu) akatoa mlio kama birika linachemka. Sekunde ya tatu watu 200 wakaangua kicheko kwa pamoja. Kuna mtu alikuwa anagonga meza. Yule dada wa safu ya tatu alikuwa amejifunika uso kwa daftari, na daftari linatetemeka.

"Unavutika," Madam akarudia. Hakucheka hata kidogo, na hicho ndicho kilichonimaliza. "Uzi wa pamba. Kwa theluthi moja ya urefu wake."

"Kidogo kidogo, Madam."

Jasho likaanza. Nikawaza niunganishe kitu kwenye uzi, kamba ya kiatu labda, nipate zile 25 zilizobaki. Nikainama. Nimevaa kandambili. Ningefuata sheria ya viatu hata siku moja, ningekuwa na kamba mbili.

Na wakati nimeinama hivyo, natazama vidole vyangu vya miguu mbele ya kadamnasi, kipira kikanitoka mkononi. Ko. Ko. Ko-ko-ko. Kikaviringika kwenye jukwaa kuelekea kwa Madam, na akili yangu ikaona huu ndio wokovu: nikifukuze, nionekane mtu mwenye kujali vifaa vya chuo. Nikaruka. Ukanda wa kandambili ya kulia ukakatika. Mguu ukaenda na safari zake. Mkono ukatafuta cha kushika, ukapata kamba ya pazia la projekta, pazia likashuka lote kwa kishindo, na mimi nikafika sakafuni. Sikuwa na stopwochi, ila naweza kuwahakikishia kwamba dunia ya hapa Dar inavuta vizuri sana, hiyo 9.78 isiwadanganye.

Kipira kilisimama kwenye kiatu cha Madam. Akainama, akakiokota, akakipuliza vumbi, akanitazama pale chini.

"Umeumia?"

"Hapana, Madam."

"Haya. Inuka, baba, na uniambie jibu la mwisho lina alama ngapi kwenye ripoti."

Sikujua. Darasa zima likajibu kama wimbo wa taifa: "MOJAAA!" Iko kwenye autilaini. Data zilizosainiwa alama 4, maelezo ya makosa alama 5, jibu lenyewe alama 1. Yule aliyeleta 14 alikuwa na alama 8, kwa sababu alikiri alihesabu vibaya na akaeleza ilikuwaje. Mimi niliuza utu wangu kwa alama moja, na hata hiyo sikupewa.

Yaliyobaki ni machache. Ofisini nilisema ukweli, mpaka wa bumu na wa mama ntilie. Madam akasikiliza, akasema barua kwa mkuu wa kitivo ameiandika lakini ataiweka kwenye droo, nirudie praktiko kwa nusu ya alama. Fundi wa maabara naye kakaripiwa, na sasa hivi kabla ya kusaini anapiga mstari mwekundu chini ya kipimo chako cha mwisho, kwa hiyo darasa zima linanichukia kwa zamu. Samahanini. Jana Jumamosi nimerudia, na viatu, na peni, na uzi uleule, na nilikaa saa zote tatu. Nimepata 10.3. Madam kasahihisha palepale, pembeni kaandika: "Mvutano huu haupo popote duniani, lakini ni wako." Alama 8, nusu yake 4.

Jina ndilo limegoma kutoka. Chuo kizima sasa ni "London". Walinzi wa geti, London. CR, kiongozi wa darasa, akiita mahudhurio, London. Na lile bumu nililokimbilia kusaini halijaingia kwenye akaunti mpaka leo, kwa hiyo jioni hii nimepita kwa mama ntilie kwa mlango wa nyuma, kichwa chini, nikijua huku hawajapata habari.

"Weee London," akaniita, mwiko mkononi. "Deni langu nalo linavutika?"