Astrosaiti si watumishi tu wa niuroni

Mwaka 1971 John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky walieleza kwamba ndani ya hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, zimo niuroni, yaani seli za neva, zinazochangamka pale tu mnyama anapofika mahali fulani. Tangu hapo kumbukumbu ya mahali imejadiliwa kana kwamba ni mali ya niuroni peke yake. O'Keefe alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014 pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser, na walistahili wote watatu.

Ila niuroni hazikai peke yake. Zimezungukwa na astrosaiti, seli zenye umbo la nyota ambazo kwa miaka mingi zilihesabiwa gundi ya ubongo, kisha zikapandishwa cheo kidogo na kuitwa walishaji, kwa kuwa hupitisha chakula kutoka kwenye mishipa ya damu na kufyonza kemikali zinazobaki niuroni zikishawasiliana. Kazi hizo wanazifanya kweli. Lakini anayekomea hapo ananiachia takwimu moja isiyonipa raha: astrosaiti moja ya panya hukadiriwa kugusa sinapsi zipatazo 100,000. Sinapsi ndipo niuroni zinapokutana, na ndipo wanasayansi wengi wanapoamini kumbukumbu hujengwa. Je, seli iliyokaa kwenye makutano 100,000 ya namna hiyo inapokea kila habari bila kubadili chochote? Huenda. Lakini kwangu mimi mzigo wa ushahidi uko kwa anayesema hivyo.

Mwaka 2022 maabara ya Inbal Goshen, ya Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, ilichapisha katika jarida la Nature jaribio ambalo halijapewa uzito wake. Panya wadogo wa maabara walikimbia katika mazingira yaliyoigizwa kwenye skrini, na wakifika mahali maalumu wanapewa maji. Astrosaiti hazirushi mapigo ya umeme kama niuroni. Zikichangamka, kalsiamu hupanda ndani yake, na hiyo ndiyo watafiti waliyoifuatilia kwa hadubini. Katika mazingira ambayo panya wameyazoea, kalsiamu ilipanda kidogo kidogo kadiri walivyoyakaribia maji. Katika mazingira mapya haikupanda hivyo. Maji yalipohamishiwa sehemu nyingine ya mazingira yaleyale ya zamani, mpando ule ulififia. Panya walipopewa mazoezi zaidi, ukarudi.

Hapo kwenye kuhamishwa kwa maji ndipo pa kutulia. Njia ni ileile na mnyama ni yuleyule. Maji bado yapo, na bado anayapata. Kilichovurugika ni ujuzi wake wa wapi atayakuta. Kama astrosaiti zingekuwa zinaitikia mbio tu, au zinaitikia unywaji, zisingejali maji yamewekwa wapi. Zilijali. Kisha zikajifunza upya, kwa mwendo wa mnyama mwenyewe anavyojifunza. Seli tuliyozoea kuiita mlishaji inaonyesha alama za matarajio.

Wanaopinga wana hoja nzito, na si wabishi. Mwaka 2010 Cendra Agulhon na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyowavunja moyo wengi. Walitumia panya waliobadilishwa vinasaba ili kalsiamu ya astrosaiti iweze kupandishwa kwa makusudi, na wengine ambao njia kuu ya kuipandisha imezimwa. Uimarikaji wa sinapsi za hipokampasi haukubadilika kwa vyovyote. Hoja ya pili ni mwendo: niuroni hufanya kazi kwa milisekunde, kalsiamu ya astrosaiti huchukua sekunde. Ya tatu ndiyo inayonipa shida zaidi. Panya anayejua kwamba maji yako karibu husisimka, na msisimko humwaga noradrenalini, kemikali inayoziamsha sana astrosaiti. Basi yawezekana niuroni ndizo zinazojua, na astrosaiti zinapata tu joto la msisimko huo. Wala haitoshi kujibu kwamba watafiti wa Jerusalem waliweza kukisia mahali alipo panya kwa kutazama astrosaiti peke yake, kwa sababu kitu chochote kinachopanda mfululizo hadi kwenye maji kitakuambia umebakiza umbali gani.

Hata hivyo, mwaka huohuo wa 2022 watafiti wa Genoa, Italia, walirekodi astrosaiti na niuroni kwa pamoja panya wakizunguka katika mazingira ya kuigizwa. Astrosaiti zilibeba habari za mahali ambazo hazikuwa marudio ya zile za niuroni, na zote mbili zikiunganishwa, ukisiaji wa mahali alipo mnyama ulikuwa bora zaidi. Msisimko wa jumla hauelezi jambo hilo kwa urahisi.

Kuna pia kazi ya awali ya maabara ya Goshen, ya mwaka 2018. Astrosaiti za hipokampasi zilipochochewa wakati panya wanajifunza, siku iliyofuata walikumbuka vizuri zaidi. Niuroni zenyewe zilipochochewa moja kwa moja, kumbukumbu iliharibika vibaya. Na kwa panya waliobaki kwenye vizimba vyao bila somo lolote, kuchochea astrosaiti hakukuongeza shughuli za niuroni. Ninayarudia matokeo haya kwa wanafunzi wangu mara nyingi, maana yanaonyesha kitu ambacho niuroni peke yake hazikifanyi: kukuza kinachofunzwa bila kupaza kila sauti ya jirani. Mwendo wa sekunde hapo si udhaifu tena. Kujifunza njia kuelekea kwenye maji nako huchukua sekunde kadhaa, siyo milisekunde.

Tofauti na matokeo ya 2010 haijafutika. Jaribio lile lilipima vipande vya ubongo vilivyotolewa nje ya mnyama, mahali pasipo na njia, kiu wala matarajio, na kwa maoni yangu hapo ndipo pengo lilipo. Lakini jaribio la 2022 la maji lilikuwa la kutazama, si la kuingilia. Kinachotakiwa ni kuzima kalsiamu ya astrosaiti katika zile sekunde chache kabla ya mahali pa maji, niuroni zikiachwa bila kuguswa, kisha kuangalia kama panya aliyeizoea njia bado anapunguza mwendo panapostahili.