Sindano ya mwezi imfuate mtoto shambani

Huku Mtwara mtoto akilalamikia goti leo, keshokutwa kifundo cha mguu, kisha kiwiko, jibu liko tayari: anakua huyo. Anakandwa maji ya moto, basi. Maumivu yanayohamahama hivyo, tena na homa, wiki mbili tatu baada ya kuumwa koo, ni ya kupeleka hospitali siku hiyohiyo. Kinga iliyoamka kupambana na bakteria wa kooni, streptokokasi, hugeuka ikashambulia viungo na valvu za moyo, ile milango inayopitisha damu. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo hupona. Valvu huvimba, zikabaki na makovu, na kuna wanawake wanaokuja kujua wakiwa na mimba, pumzi zikiwakata. 

Upasuaji wa valvu wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete tunausifia, na wanastahili. Ila ukiwekewa valvu ya chuma unameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yako yote na kupimwa damu kila mara, na toka Newala mpaka Dar si mchezo. Mimi naona sifa zetu zimeisahau sindano ya penisilini ya benzathini, ile ya kila wiki tatu au nne. Mtoto ambaye moyo umeshaguswa huchomwa kwa miaka 10 au zaidi, ili homa isirudi kumalizia valvu.

Ina karaha, sikatai. Ni unga unaochanganywa na maji, unakuwa mzito, nesi akizubaa unaziba sindano, na tako linauma hadi kesho yake. Mtoto aliyechomwa mara moja akiona koti jeupe anajificha nyuma ya mama. Ulizeni kama inaweza kuchanganywa na dawa ya ganzi, maumivu hupungua.

Kinachoniudhi ni msimu wa korosho. Familia inahamia shambani, tarehe ya sindano inafika, mama anakwenda zahanati ya jirani na kadi mkononi, anaambiwa arudi kule alikoandikishwa. Nauli ya kurudi ataitoa wapi, na korosho hazijauzwa? Dozi imeandikwa kwenye kadi, unga ule hauhitaji friji, na adrenalini ya dharura, mwili ukiikataa dawa, zahanati inapaswa kuwa nayo hata bila mtoto huyu. Mchomeni, muandike tarehe, aende zake akaokote korosho.