Sigara za Kielektroniki: Nikotini Kiasi Gani Inatosha?

Nikotini ya sigara ya kawaida hufika ubongoni ndani ya sekunde 10 hadi 20. Sigara za kielektroniki za mwanzo, zilizotokana na kazi ya mfamasia wa China Hon Lik mwaka 2003, hazikufikia kasi hiyo. Betri zilikuwa dhaifu, na wavutaji waliozijaribu kwa mara ya kwanza walipopimwa damu, nikotini ilionekana kidogo mno. Kiu haikukatika.

Vifaa vya sasa ni habari nyingine. Betri yenye nguvu hugeuza kuwa mvuke kiasi kikubwa zaidi cha kimiminika chenye nikotini kilicho ndani ya kifaa. Zikaja pia chumvi za nikotini: nikotini huchanganywa na tindikali, kama ya benzoiki, ukali wake kooni ukapungua, na mtu akavuta hadi mapafuni kiwango ambacho zamani kingemkohoza. JUUL, chapa ya sigara za kielektroniki, iliingia sokoni Marekani mwaka 2015 na kimiminika chenye takriban miligramu 59 za nikotini kwa mililita.

Kwa mvutaji anayetaka kuachana na tumbaku, kasi hiyo ina faida, kwa sababu kinachomuua zaidi ni moshi. Kwa kijana ambaye hajawahi kuvuta, kasi hiyohiyo ni njia fupi ya uraibu. Je, lazima tuchague mmoja?

Sidhani. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2019, lenye washiriki 886, asilimia 18 ya waliopewa sigara za kielektroniki walikuwa wameacha tumbaku baada ya mwaka, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliopewa bidhaa kama viraka na jojo za nikotini. Kimiminika walichoanzia kilikuwa na miligramu 18 tu kwa mililita. Ni kweli kwamba asilimia 80 ya hao waliofanikiwa bado walikuwa wakitumia kifaa, na hilo halifai kufichwa. Hata hivyo, miligramu 59 hazikuhitajika.

Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 20 kwa mililita. Naunga mkono, ila kikomo hicho hakigusi nguvu ya betri. Tena nikotini ikipunguzwa kupita kiasi, mraibu hufidia kwa kuvuta mara nyingi na kwa muda mrefu, akimeza mvuke zaidi pamoja na kemikali zenye sumu kama fomaldehaidi. Kinachostahili kuwekewa mpaka ni nikotini inayotoka kwenye kifaa kwa kila sekunde ya kuvuta.